Tulivyoingoja Filme ya Gato

Walisema filme ya gato, yaani ya keki, itatoka kwenye DVD kabla ya Pasaka. Ni nani aliyesema, mpaka leo sijui. Mimi nililisikia neno hilo kwa Myriam, anayenisuka pale Galerie d'Ixelles, huku ughaibuni tunakoishi. Myriam alilisikia kwa mteja wake, na mteja alilisikia kwa mume wake, ambaye anauza diski za filme za kale, au aliwahi kuuza, hapo pia hawakuelewana.

"Tuliza kichwa, maman," Myriam aliniambia. "Ni zile komedi za Amerika za zamani, za noir et blanc, bila rangi. Kuko zingine hazikutokaka hata siku moja, wala mu kaseti, wala mu DVD. Sasa banazitoa. Hata ile ya papa yako."

"Ile ya gato?"

"Mwanaume murefu mwenye kubeba gato ya ndoa, na mvua inamunyeshea. Donc, kuko zingine ngapi kama ile?"

Nilitoka pale nimesukwa lakini sijui hata nilisukwa mtindo gani. Neno lile lilinifuata kwenye metro. Likanifuata mpaka Gare du Nord, kwenye jumba la ofisi ninakosafisha orofa ya kumi na saba kabla wenye meza hawajafika. Nilifuta meza za watu huku nikimwomba Mungu: fanya itoke kabla papa hajasahau.

Ninaandika haya kwa mama yeyote mwenye mzee nyumbani, ili asifanye nilivyofanya. Basi nianze kwa kueleza papa ni nani.

Papa, baba yangu mzazi, anaitwa Kyungu. Zamani kule Lubumbashi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, kulikuwa na ukumbi tuliouita cercle, na kila Jumamosi alasiri walionyesha sinema humo. Filme zilikuja na Kiingereza chake. Nani angekisikia? Basi mwenye mashine alizima sauti, na papa akasimama kando ya kitambaa cheupe na mikrofoni, akawaeleza watu kwa Kiswahili: huyu ni nani, anataka nini, anamwambia nini mwenzake. Mwenye kufanya kazi hiyo aliitwa mwelezaji. Papa aliifanya miaka kumi na sita. Watu wa kambi hawakusema twende tukaone filme. Walisema twende tukamsikie Kyungu.

Katika zote, iliyoombwa zaidi ni hiyo ya gato. Jina lake la Kiingereza hakuna aliyelishika. Ndani yake mna mwanaume mrefu kama mlingoti, watu wa kambi walimwita Kilometa. Ni mpishi wa hoteli. Kwa maelezo ya papa, Kilometa alimwacha mtoto wake wa kike kwa shangazi, akaenda mbali kutafuta kazi, miaka ikapita. Siku moja hotelini wanampa kazi ya kupika gato la ndoa, la ghorofa tano. Anaangalia picha ya bibi arusi, anaona ni mtoto wake. Anaitwa Lucienne. Kilometa hamwambii mtu. Anapika huku machozi yanamtoka. Halafu gari la kupeleka gato linaharibika, naye analibeba kichwani, anapita nalo kwenye mvua, ndani ya tramu, juu ya mapaa, polisi nyuma yake, mbwa nyuma ya polisi. Anataka kitu kimoja tu: kulifikisha kabla padri hajasema amina, kuliweka mezani, na kutokea mlango wa jikoni bila mtoto kumjua.

Wanaume wa kambi walicheka mpaka wakaanguka kwenye viti, na mwishoni walitoa leso. Wengi wao walikuwa wameacha watoto Kasai, Maniema, wengine Rwanda. Mimi nilizaliwa miaka hiyo. Ndiyo sababu naitwa Lucienne.

Papa alikuja kwetu Koekelberg miaka kumi na moja iliyopita, mama alipofariki. Kila Jumapili baada ya misa, wageni wakiwepo, waliomba waelezwe filme ya gato, naye aliwaeleza, amekaa kwenye kiti chake, mkono umeshika kijiko kama mikrofoni. Sauti ya Kilometa, sauti ya padri, sauti ya mbwa. Hata watoto waliozaliwa hapa, ambao Kiswahili chao ni cha kuomba chakula tu, walikaa kimya.

Miaka mitatu iliyopita kichwa chake kilianza kuvuja. Aliweka funguo kwenye friji. Alimwita binti yangu Graciella kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Daktari alituambia tumwache azungumze mambo ya kale, yanamshikilia. Na kweli, siku aliyosahau kama amekula, siku hiyohiyo aliweza kueleza filme yote bila neno moja kuanguka. Mimi nilihesabu. Kila Jumapili nilikaa jikoni nikisikiliza kama kuna neno limekosekana.

Sasa unaelewa kwa nini neno la Myriam lilinikaa hivyo. Nilijiambia: kama papa ataiona kwa macho, itamrudisha.

Jioni ile nilimwomba Graciella atafute. Anasoma chuo kikuu, mwaka wa nne, kompyuta iko mezani muda wote. Alitafuta mpaka chai ikapoa, ndipo akapata picha: mwanaume mrefu ndani ya tramu, gato la ghorofa tano kichwani.

"Maman, iko. Lakini haijatoka."

"Iko ao haiko?"

"Filme iko. DVD njo haijatoka. Kuko bantu hapa duniani kazi yao ni kungoja tu komedi za zamani. Baliandika liste. Hizi zilitoka mu kaseti, hizi mu DVD, hizi hata siku moja. Ile ya kambo iko mu liste ya tatu." Kambo ni babu, ndivyo anavyomwita papa.

"Juu ya nini?" nikamuuliza sababu.

"Kampuni yenye kuitengeneza ilikufa. Batoto ya wenye kampuni banagombana. Na muziki ya ndani iko na mwenyewe mwingine."

Kumbe hata kule watu wanagombania vitu vya marehemu. Lakini Graciella aliendelea kusoma, akaona kwamba kampuni moja ndogo ya Amerika imetangaza kutoa komedi nne kwenye sanduku moja, na ya gato ni mojawapo. Kabla ya Pasaka. Nilipiga magoti palepale jikoni.

"Kwa kungoja," Graciella alisema, "tumurekodi kambo. Na telefone tu. Jumapili hii."

"Ngoja DVD ifike. Tutamurekodi na picha nyuma yake, itakuwa muzuri zaidi."

Hilo ni kosa langu la kwanza, na wakati ule niliona ni akili.

Nilimwendea papa chumbani kumpa habari. Alikuwa anavaa soksi.

"Papa, ile filme ya gato inatoka. Utaiona hapa nyumbani."

Aliendelea na soksi. "Itakuwa na sauti?"

"Na sauti, na maandishi ya français chini."

"Ah," akasema. Halafu, akivuta soksi ya pili: "Ile filme iko mu kichwa yangu muzuri, Lucienne. Inalala. Unaenda kuiamusha juu ya nini?"

Nilidhani ni uzee unasema.

Pasaka ikaja, DVD haikuja. Waliandika kwamba ni Septemba. Septemba ikaja, wakaandika kwamba picha zina mikwaruzo na zinasafishwa, wangoje mwaka mpya. Nilimchosha Graciella, kila siku nikimuuliza kama kuna jipya. Nilianza kuwaogopea wale watu wa kompyuta wanaongoja. Mmoja wao aliandika kwamba ameingoja filme hii miaka thelathini na sasa yuko hospitali. Nilimwombea bila kumjua. Kila ilipocheleweshwa nilimwambia papa, naye alijibu vilevile: "Acha. Ikikawia, haina mambo." Mimi nilisema moyoni, angalia uvumilivu wa mzee huyu. Sikuwahi kufikiri kwamba ni furaha.

Kifurushi kilifika Februari. Diski za Amerika hazikubali kwenye mashine za hapa, Graciella akatafuta njia kwa kompyuta yake, ikakubali. Aliangalia dakika moja tu aone kama picha ni safi. Nikamwambia azime, tutaiona wote pamoja, siku kubwa. Nilikuwa nimeshaomba ukumbi wa parokia, na nimeshawaalika wazee wote wa Katanga ninaowajua, na wa Kivu wawili watatu, na Papa Mukendi, ambaye alikuwa karani kambini na mpaka leo anajiona bado ana kalamu sikioni. Mukendi na papa wanataniana tangu ujana. Mukendi ndiye aliyezoea kusema kwamba Kyungu angeweza kueleza hata ukuta.

Siku nne kabla, papa aliniita. Alikuwa amekaa sawasawa, na macho yalikuwa yake, si yale ya siku za kusahau.

"Lucienne, nina neno moja. Siku ile, muzime sauti."

"Tuzime sauti?"

"Muzime sauti. Mutoe na maandishi. Munipe mikro. Mimi njo nitaeleza, kama ku cercle. Unakubali?"

"Nakubali, papa."

"Uniambie tena."

"Nakubali."

Toka siku ile nilimsikia chumbani akijizoeza. Alitembea kutoka dirishani mpaka kabatini. Kilometa aliongea, padri akajibu, mbwa akabweka, papa akacheka mwenyewe. Aliomba shati jeupe. Alinyoa ndevu bila kuambiwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Novemba.

Ijumaa, muuguzi anayekuja kumpima alinivuta pembeni. Presha, wanayoiita hapa tension, ilikuwa dix-huit, kumi na nane, juu sana. Alisema mzee apumzike, asisimame muda mrefu, asipige kelele. Mimi hata bila hayo ni mtu wa hofu. Mtoto akikohoa, mimi nimeshafika kaburini. Usiku ule na uliofuata nilimwona akilini papa ameanguka na mikrofoni mkononi mbele ya watu wote, na mimi ndiye niliyewaita. Jumapili asubuhi nilimwambia Graciella aweke sauti na maandishi.

"Maman, ulimwahidi."

"Nilimwahidi sijaona tension. Unataka nimuzike?"

Graciella aliinamia kompyuta. Aliweka.

Ukumbini walikuja kama watu arobaini. Akina mama walileta beignets, maandazi yetu, na jus. Papa alisimama kando ya ukuta mweupe, shati limenyooka, mikrofoni mkononi, na wazee wa mbele walianza kupiga makofi kabla hata mapazia hayajafungwa. Nilimwendea. Nilisema mbele ya wote, kwa sababu nilijua mbele ya wote hatakataa:

"Papa, keti. Leo utaangalia kama bengine. Sauti iko, maandishi iko, usichoke bure."

Aliniangalia. "Lucienne. Tulisemezana."

"Papa, tension."

Mzee wetu hagombani na mtoto wake mbele ya wageni. Alinirudishia mikrofoni taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe ambacho hakunywea, akakaa kwenye kiti cha pembeni.

Filme ilianza. Kilometa akatokea, mrefu vilevile, na wazee wakamwita jina lake. Tulicheka. Ikaja sehemu ya jikoni: Kilometa anaangalia picha ya msichana, machozi yanamtoka. Wazee wakaegemea mbele, kila mtu aliijua sehemu hiyo. Maandishi yakapita chini. Wenye macho dhaifu wakauliza yanasema nini, na Papa Mukendi akavaa miwani.

"Anasema, vitunguu hivi vitaniua," akasoma.

Watu wakacheka kidogo. Mbele ya Kilometa lilikuwepo kweli bakuli la vitunguu. Miaka yote sikujua.

"Sasa polisi anamwambia," Mukendi akaendelea, "ukimuona huyu mwanamuke wa ku picha, utuite. Aliiba mukufu ya almasi."

"Mwanamuke gani?" mama mmoja akauliza nyuma.

"Huyu wa ku picha. Bibi arusi."

"Na mutoto wake je?"

"Mutoto gani, maman? Mi nasoma tu. Haina mutoto humu."

Basi ikaenda hivyo. Bibi arusi alikuwa mmoja wa wezi, harusi ilikuwa ya uongo, alikuwa ameficha mkufu ndani ya gato, na Kilometa alikimbia nalo kwa sababu wezi walitaka kumpiga na polisi walidhani ni mwizi. Hakukuwa na shangazi. Hakukuwa na safari ya kazi. Mukendi alisoma kila mstari na kuutia Kiswahili, sauti inapanda, amenogewa, na kila aliposoma watu walimgeukia papa na kucheka zaidi ya walivyoicheka filme.

"Kyungu, miaka yote kumi na sita tulilia juu ya mwizi."

"Mi nilitoa leso yangu bule," akasema mwingine. "Nirudishie machozi."

"Na Lucienne," Mukendi akasema, "pole, mutoto yangu. Kumbe ulipewa jina ya mwizi wa mikufu."

Na huyo mwanamke kwenye filme hakuitwa hata Lucienne. Nilicheka. Sitaficha hilo. Nilicheka na wengine kwa sababu ilikuwa inachekesha, na sikuwa nimemwangalia papa bado. Nilipomwangalia, naye alikuwa anacheka, mdomo tu, mikono imekaa kwenye magoti kama ya mtoto anayengoja kuitwa na mwalimu.

Ilipokwisha walikuja kumshika mkono mmoja mmoja. "Ulitupata, muzee." "Hapo ulituweza." Hakukuwa na ubaya ndani ya neno hata moja. Papa alijibu, "Merci, merci," kisha akaomba koti lake.

Nyumbani nilimwekea chai. Presha ilikuwa imeshuka, quatorze, kumi na nne, nilipima mwenyewe, nikamshukuru Mungu. Yaani bado nilikuwa nashukuru.

"Papa," nikasema, "juu ya nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuambia uzime sauti."

"Lakini hukusema sababu."

Alizungusha kijiko muda mrefu. "Bobine, mikanda ya filme ile, zilikuwa tatu. Ya pili haikufikaka kwetu. Ilibakia mu kambi ingine ao ilipotea mu njia, sijue. Niliona ya kwanza: mupishi anaangalia picha ya mutoto mwanamuke, analia. Niliona ya tatu: anakimbia na gato. Katikati hakuna kintu. Na ku cercle bantu mia tatu banakaa, banangoja. Ningebaambia nini? Murudie ku nyumba?"

"Basi ulitunga."

"Sikutunga. Nilitafuta. Muntu anaangalia picha ya mutoto mwanamuke, machozi inamutoka. Huyu iko nani, kama haiko baba?" Akanywa chai kidogo. "Sikuona vitunguu. Picha yetu ilikuwa giza hapo chini."

Nilimwambia maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko ya wenye filme. Nilisema kweli, na ningelisema ukumbini lingefaa kitu. Pale jikoni, sisi wawili, alinitazama kama mtu anayepewa chenji ya pesa aliyokwisha kuipoteza.

Jumapili iliyofuata wageni walikuja. Hakuna aliyeomba filme, na papa hakushika kijiko. Jumapili ya tatu alikuja Papa Mukendi peke yake, na kofia mkononi.

"Kyungu, tueleze ile yetu. Ya shangazi na amina."

"DVD iko pale," papa akasema. "Muangalie."

"DVD haijui kueleza. Mi nilifanya mchezo tu, ndugu yangu."

"Najua. Na ulisoma muzuri. Sauti yako bado iko nguvu."

Hakuwa amekasirika. Kama angekasirika ningejua pa kushika. Mukendi alikaa, wakazungumza habari za mvua, akaondoka kabla ya chakula. Mlangoni aliniambia, "Lucienne, ungenizuia." Niliona ana haki, nikafunga mlango.

Daktari anasema ugonjwa wa kusahau una mwendo wake, na hakuna anayeweza kusema kitu kimoja ndicho kilichousukuma. Ameniambia hivyo mara mbili, kwa upole. Mimi ninachojua ni kwamba mpaka Machi papa alikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuvuja, na mwezi wa tano alianza kuniita maman, kana kwamba mimi ni mama yake. Mwezi wa sita aliacha kuuliza ni siku gani. Graciella alitaka kumrekodi, akamwekea telefone mbele, akamwomba: "Kambo, eleza filme ya gato." Papa akamuuliza kwa adabu, kama anavyouliza mgeni, "Filme gani?"

Mwezi uliopita nilifanya kile alichoniomba. Nilifunga mapazia ya sebule, nikamkalisha mbele, nikaweka diski, nikazima sauti, nikatoa maandishi. Nikampa kijiko. Alikishika, akakiangalia, akakiweka kwenye goti. Aliangalia filme yote kwa makini. Hakucheka, wala hakuonekana na huzuni. Kilometa alipokuwa juu ya mapaa na mvua inamnyeshea, papa alinigeukia.

"Maman, huyu muntu anakimbia juu ya nini?"

Niliisikia hadithi hiyo mara mia. Nilizaliwa ndani yake. Nilifungua kinywa nimweleze: shangazi, safari, picha, padri asiseme amina. Nilitafuta neno la kwanza, lile alilokuwa anaanza nalo, ambalo lilifanya akina mama waache vyombo waje kukaa. Halikuja. Nilichokiona mbele yangu ni yale maandishi meupe, na nilichokisikia ni sauti ya Mukendi inasoma.

"Juu ya mukufu, papa," nikajisikia nasema. "Mukufu iko ndani ya gato."

"Ah," akasema. "Mukufu." Akageukia mapazia yaliyofungwa.

Mama mwenzangu, ya kuepuka ni haya:

Usimwahidi mzee neno halafu ulivunje kwa sababu ya hofu yako. Kama una hofu, mwambie, muamue pamoja.

Usimrekebishe mbele ya watu. Hata kwa faida yake, hata kwa ajili ya afya yake.

Usimvue kazi yake siku aliyojiandaa kuifanya.

Usitafute kuhakikisha hadithi ya mzazi. Kama ni kweli au si kweli, si wewe uliyetumwa.

Usicheke kabla ya kumtazama.

Akisema "acha, ikikawia haina mambo," usipite tu. Kaa chini, uulize kwa nini.

Usimwache mwingine asome kwa sauti pale ambapo mwenye kueleza yupo.

Usipeleke maneno mazuri jikoni wakati matusi, hata ya mchezo, yalisemwa ukumbini. Yapeleke palepale.

Usingoje diski, wala sikukuu, wala ukumbi, wala picha safi. Mrekodi Jumapili hii, na telefone uliyo nayo, hata kama watoto wanapiga kelele nyuma.